Delta kwa Kiswahili: shajara ya hesabu kwenye atelye ya Kadutu

Wiki ya 1, Jumamosi

Naanza kuandika leo, kwenye atelye yangu ya kushona hapa Kadutu, Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa sababu jana usiku mdogo wangu aliniuliza swali fupi nikakosa jibu. Yuko mwaka wa tatu wa humanite, yaani sekondari, opsio (mchepuo) ya sayansi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, kaye (daftari) magotini, akikariri kwa Kifaransa fomula ya milinganyo yenye x mraba: delta ni b mraba kutoa nne a c. Alikariri mara tano bila kukosea. Nikamuuliza, "Hiyo delta ni nini?" Akajibu, "Yaya," ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake, "ni b mraba kutoa nne a c." Nikamuuliza inatoka wapi. Akainua macho, akasema, "Si na wewe uliisoma? Inatoka wapi?"

Kweli niliisoma. Niliikariri kabla sijahamia opsio ya kukata na kushona, nikafaulu interogasyo, yaani jaribio la darasani, nikaisahau. Wakati ule sikujua inatoka wapi, na jana usiku bado sikujua.

Basi tumekubaliana. Kila Jumamosi nikishafunga, na jioni mbili za katikati ya wiki kama kazi zinaruhusu, tunarudi kwenye aljebra tangu chini: mabano, milinganyo, miraba, fonksioni, logaritimu, na mwisho sinusi na kosinusi. Pesa ya kumlipa mwalimu wa nyumbani hatuna, minervali yenyewe, ada ya shule, tunaitoa kwa vipande. Tulichonacho ni karatasi ya patroni (ya kuchorea vielelezo vya nguo), chaki ya fundi, rula ndefu, gunia la mabaki ya vitenge, na simu yangu.

Sharti tuliloweka ni moja: hakuna kuandika fomula kabla ya kuisema kwa Kiswahili mpaka mama, anayekunja nguo pembeni, aseme ameelewa.

Wiki ya 1, Jumanne

Tumeanza na kosa ambalo mdogo wangu alilifanya mara mbili kwenye interogasyo yake: (a + b)² akaandika a² + b². Profu alichora mstari mwekundu, basi. Hakuna aliyemwonyesha kilichopotea.

Nilichukua kitenge chakavu nikakata mraba wa sentimita 10 kwa 10. Nikaugawa kwa chaki: 7 na 3 upande wa juu, 7 na 3 upande wa kushoto. Vikatoka vipande vinne. Mraba mkubwa wa 7 kwa 7, ambao ni 49. Mraba mdogo wa 3 kwa 3, ambao ni 9. Na mistatili miwili ya 7 kwa 3, kila mmoja 21. Nikamwambia, "Shona wewe, lakini utumie vile viwili ulivyoandika tu." Akapanga mraba wa 49 na ule wa 9 mezani, vikagusana kwenye kona. 58 badala ya 100, na matundu mawili makubwa pembeni.

Mama akasema, "Mtu hawezi kuvaa hiyo."

Kwa hiyo a² + 2ab + b², na ile 2ab ni vipande viwili ambavyo ukivisahau nguo inabaki na matundu. Sidhani kama atalirudia kosa hilo.

Wiki ya 2, Jumamosi

Kutoa mara kutoa ni kujumlisha. Hii niliiogopa, maana mimi mwenyewe niliimeza shuleni kama dawa, bila kuuliza. Tumekaa nayo saa nzima.

Kitenge tena, 10 kwa 10. Mteja anataka kipunguzwe sentimita 1 upande mmoja na sentimita 2 upande wa pili, kibaki 9 kwa 8. Sisi sote tunajua 9 kwa 8 ni 72. Sasa tufike hapo kwa kutoa. Kwanza ondoa ukanda wa 1 kwa 10: hiyo ni 10. Kisha ondoa ukanda wa 2 kwa 10: hiyo ni 20. Mia kutoa kumi kutoa ishirini, 70. Lakini kitambaa kilichobaki ni 72! Mdogo wangu alihesabu upya mara tatu, akidhani nimekosea kukata.

Ni pale kwenye kona. Kanda mbili zinapokutana kuna kipande kidogo cha 1 kwa 2 ambacho tumekitoa mara mbili, kwa ukanda wa kwanza na kwa ukanda wa pili, ilhali kwenye kitambaa kipo kimoja tu. Lazima tukirudishe mara moja. Ndiyo maana (10 − 1)(10 − 2) ni 100 − 20 − 10 + 2. Ile "+ 2" ndiyo kutoa 1 mara kutoa 2.

Nimefurahi kuliko nilivyotegemea. Nina miaka 31, na leo ndiyo mara ya kwanza kuona kwa macho yangu kwa nini.

Wiki ya 3, Jumamosi

Leo ndiyo delta. Nilijiandaa usiku mbili kwa kusoma kwenye simu, na nimekutana na jambo ambalo nataka kuliweka hapa vizuri.

Neno aljebra linatokana na Kiarabu, al-jabr, na limeenea kupitia kitabu alichoandika Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi kule Baghdad, karibu mwaka 820. Jabr ni kurudisha kitu mahali pake, kama muunga mifupa anavyorudisha mfupa uliovunjika. Katika mlinganyo ni pale upande mmoja una kitu kilichopungua, ukakirudisha, na upande wa pili ukaongeza kiasi hichohicho. Neno lake la pili ni al-muqabala, kukabilisha: vitu vya aina moja vikisimama pande zote mbili, vinapunguziana. Nilipoliona nilisimama. Hilo ni neno letu! Tunasema mkabala, tunasema kukabiliana. Mizani ya mlinganyo ilikuwa ndani ya Kiswahili siku zote, nasi tuliitafuta kwenye Kifaransa.

Na kitabu chake hakikuwa na x wala alama ya usawa. Zile mistari miwili za usawa zilianzishwa na Robert Recorde, mtu wa Wales, mwaka 1557. Al-Khwarizmi aliandika kwa maneno: mraba pamoja na mizizi yake kumi ni sawa na dirhamu thelathini na tisa. Yaani x² + 10x = 39. Nilimsomea mdogo wangu sentensi hiyo kwa sababu ana aibu kidogo ya kufanya hesabu kwa Kiswahili, anaona ni kama kuziteremsha. Zilizaliwa kwa maneno ya kawaida.

Tukafanya mfano uleule kwa kitambaa. Mraba ambao hatujui upande wake. Ile 10x tukaigawa kanda nne, kila moja ina upana wa 2,5, tukabandika ukanda mmoja kila upande. Ikatokea umbo kama msalaba mnene, lenye eneo la 39, na kona nne tupu. Kila kona ni 2,5 kwa 2,5, yaani 6,25. Kona nne ni 25. Tukiziba kona, jumla ni 39 + 25 = 64, na sasa ni mraba kamili. Upande wa mraba wa 64 ni 8. Toa kanda mbili, 2,5 na 2,5, inabaki 3. Jibu ni 3. Jaribu: 9 na 30 ni 39.

Mdogo wangu alikaa kimya, kisha akauliza, "Na − 13?" Kwa sababu profu amewafundisha kwamba majibu ni mawili, na kweli 169 kutoa 130 ni 39. Al-Khwarizmi hakulihesabu, maana upande wa kitambaa hauwezi kuwa pungufu ya sifuri. Lakini kwenye mlinganyo lipo. Mzizi wa mraba wa 64 ni 8 na pia ni −8, na −8 kutoa 5 ni −13. Nimemwambia aandike yote mawili, kisha aiulize hadithi ya swali ni lipi linakubalika.

Sasa delta yenyewe. Tulirudia kazi ileile, safari hii kwa herufi, ax² + bx + c = 0: gawanya kila kitu kwa a, chukua nusu ya b/a, iweke kwenye mraba, ongeza pande zote mbili. Ikatoka hivi:

(x + b/2a)² = (b² − 4ac) / 4a²

Ile 4 ambayo mimi niliiimba miaka yote inatoka kwenye nusu: nusu mara nusu ni robo. Na delta ni eneo la mraba uliozibwa kona, lililokuzwa mara 4a². Kwa mfano wetu, a ni 1, b ni 10, c ni −39, kwa hiyo b² − 4ac ni 100 + 156, yaani 256, na 256 ni 64 mara nne. Delta ikiwa pungufu ya sifuri, tunaambiwa tutafute mraba wenye eneo pungufu ya sifuri, na kitambaa cha namna hiyo hakipo. Ikiwa sifuri, mraba umekwisha, majibu mawili yamekuwa moja.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ameelewa kona, herufi hapana. Nimekubali, kwa leo.

Wiki ya 4

Maagizo ya harusi. Hatukufanya kitu, ila Alhamisi mteja alileta kitambaa cha meza cha 100 kwa 140 akitaka kiongezwe pindo la upana mmoja kuzunguka pande zote, "kiwe mara mbili". Nilimuuliza mara mbili kivipi. Akasema mara mbili ya ukubwa. (100 + 2x)(140 + 2x) = 28 000. Ukirahisisha, x² + 120x = 3 500. Nusu ya 120 ni 60, mraba wake 3 600, jumla 7 100, mzizi wake 84,26. Toa 60: pindo la sentimita 24,26. Nilihesabu nyuma ya kitabu cha risiti, mteja akiwa amesimama. Nilikata 24 na robo.

Wiki ya 6, Jumamosi

Kuvunja x² + 9x + 20 kuwa (x + 4)(x + 5) kumekwenda haraka, maana anajua kutafuta namba mbili zenye jumla 9 na zao 20. Alikwama kwenye x² + 9x + 13, akitafuta wee. Nikamwambia 13 haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe, na 1 na 13 hazitoi 9, basi acha kutafuta, rudi kwa kona.

Hapo ndipo nikamweleza habari ya mfupa wa Ishango, ambao sikuwahi kusimuliwa shuleni ingawa ni wa kwetu huku mashariki. Uliokotwa mwaka 1950 na Mbelgiji Jean de Heinzelin, pale mto Semliki unapotoka kwenye ziwa Edward. Umri wake ni karibu miaka 20 000. Una mikato iliyopangwa kwa mafungu katika safu tatu, na safu moja ina 11, 13, 17, 19. Namba hizo nne zote hazigawanyiki. Jumla yake ni 60. Safu nyingine ina 11, 21, 19 na 9, jumla 60 tena. Wataalamu hawakubaliani kama aliyekata alikusudia namba zisizogawanyika au alikuwa anahesabu siku, na mimi sitamwongezea maneno mdomoni. Mfupa wenyewe upo Brussels. Inaniuma kwamba mtoto wa Kivu anajua delta kwa Kifaransa na hajui kwamba mtu aliketi kando ya ziwa letu akikata hesabu kwenye mfupa.

Wiki ya 7, Jumatano

Fonksioni. Profu aliwapa maelezo marefu ya seti ya kuondokea na seti ya kufikia. Nimefungua kitabu changu cha vipimo. Kila mteja ana kiuno kimoja siku niliyompima. Haiwezekani jina moja liwe na kiuno 72 na kiuno 80 siku ileile; nikiona hivyo najua nimekosea kuandika. Hiyo ndiyo fonksioni: kutoka jina, kwenda kipimo kimoja. Lakini wateja wawili wanaweza kuwa na kiuno 72, kwa hiyo ukinipa 72 siwezi kukurudishia jina. Haigeuzwi.

Sketi ya duara inageuzwa. Kiuno ni mzingo wa duara la ndani, nusu kipenyo ni kiuno kugawanya kwa 2π. Kiuno 72 kinatoa 11,46. Na mtu akiniletea sketi kuukuu, nikipima nusu kipenyo, nazidisha kwa 2π na najua kiuno cha aliyeivaa. Mdogo wangu alichora mstari wake: unapita kwenye sifuri, na mteremko wake ni 1 kwa 2π, karibu 0,16. Ukiongeza kiuno sentimita 1, nusu kipenyo kinaongezeka milimita 1,6, awe mtoto au mtu mzima. Fundi aliyenifundisha alijua hilo mkononi, alikuwa anasema "kila kidole cha kiuno, ongeza unene wa chaki".

Wiki ya 8, Jumamosi

Mteremko, tukaenda kuupima nje. Bukavu yote ni mteremko, na Kadutu zaidi. Kwenye ngazi za karibu na kwetu, kipandio kimoja kinapanda sentimita 17 na kwenda mbele sentimita 28: 17 kwa 28, karibu 0,61. Vipandio 60 vinapanda mita 10,2 na kwenda mita 16,8: 0,61 ileile. Ndiyo maana ya mstari ulionyooka, popote ukipima unapata kilekile. Pembe yake ni digrii 31 na kidogo, na hiyo 0,61 ndiyo tangenti yake. Ngazi zinapoishia, njia ya udongo inapinda, na kila tulipopima tulipata namba nyingine. Mvua ikatukimbiza.

Wiki ya 10, Jumapili

Logaritimu zimekuja zenyewe. Mama mmoja wa likirimba yetu, kikundi chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu, alikopa dola 100 mtaani kwa riba ya 20% kila mwezi, na akidhani mwaka ukiisha bila kulipa atadaiwa 340, yaani mia yake na ishirini mara kumi na mbili. Tukakaa naye. Mwezi wa kwanza 120. Wa pili 144, kwa sababu riba nayo inazaa riba. Wa tatu 172,8. Wa nne 207,36. Tayari deni limezidi mara mbili. Mwezi wa 12 ni dola 891,61. Alishika kichwa. Tumepanga kwenye likirimba apokee zamu ya kwanza alipe mara moja.

Swali "baada ya miezi mingapi deni linakuwa mara mbili" ndilo logaritimu: 1,2 ijizidishe mara ngapi mpaka ifike 2? Kwa msingi wa 10, logaritimu ya 2 ni 0,3010, ya 1,2 ni 0,0792, ukigawanya unapata 3,8. John Napier alizitoa mwaka 1614 ili watu wageuze kuzidisha kuwa kujumlisha. Mdogo wangu alielewa kwa dakika kumi. Uso wa yule mama ulimfundisha kuliko mimi.

Wiki ya 12, Jumamosi

Sinusi. Nilikuwa na mpango huu tangu mwanzo na sikumwambia.

Gurudumu la mkono la mashini yangu likizunguka mara moja, sindano inashuka na kupanda mara moja. Nilibandika duara la karatasi kwenye gurudumu, nimeligawa kila digrii 30. Nikasimamisha rula ndogo kando ya sindano. Mama aligeuza gurudumu, mimi nilisoma, mdogo wangu aliandika. Sindano inasafiri milimita 30, kwa hiyo tuliita katikati sifuri, juu 15, chini −15. Kwa sinusi tulitegemea, tangu digrii 0: 0, 7,5, 13, 15, 13, 7,5, 0, −7,5, −13, −15, −13, −7,5.

Tulisoma: 2, 9, 13,5, 15, 13,5, 9, 2, −6, −12,5, −15, −12,5, −6.

Tulipoyachora kwenye karatasi ya patroni likatoka wimbi zuri, lile la kwenye kitabu, mdogo wangu akapiga makofi. Mimi sikulala vizuri. Milimita 2 kwenye kushona ni nyingi. Nilirudia peke yangu asubuhi, nikapata namba zilezile. Sindano inakaa juu zaidi ya inavyopaswa, karibu kila mahali, ila juu kabisa na chini kabisa iko sawa.

Wiki ya 13, Jumanne

Nimefungua kifuniko cha upande wa sindano. Gurudumu halishiki sindano moja kwa moja. Kuna kiwiko kinachozunguka, na kutoka hapo kuna mkono mfupi wa chuma unaoshuka mpaka kwenye nguzo ya sindano. Kiwiko kikiwa juu au chini, mkono umesimama wima. Kikiwa pembeni, mkono umelala kidogo, na mkono uliolala haufiki chini kama uliosimama.

Mdogo wangu aliiona kabla yangu. "Yaya, ni pembetatu." Mkono ndio upande mrefu, nilipoupima ni karibu sentimita 5. Kiwiko kikiwa pembeni kimetoka milimita 15. Pembe mraba iko pale. 50 mraba ni 2 500, toa 15 mraba, 225, inabaki 2 275, mzizi wake 47,7. Mkono wa 50 umefika 47,7 tu. Umepungukiwa 2,3. Ndizo zile milimita 2 zetu.

Akafanya na digrii 30 bila kuambiwa, kwenye karatasi ya patroni, akapata 9,2. Tulisoma 9. Digrii −30, akapata −5,8. Tulisoma −6. Alinionyesha kila moja kwa biki.

Wimbi letu kwa hiyo ni sinusi iliyoongezewa kile mkono ulichopungukiwa, yaani 50 kutoa mzizi wa mraba, na mkono ungekuwa mrefu zaidi ile nyongeza ingepungua. Fundi jirani ana mashini ya miguu ya zamani. Amekubali tuifungue Jumamosi tupime mkono wake, mradi tuirudishe na mafuta.